Aliyeitwaa Pumzi ya Mama

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali ya mlimani, tulimzika mama mmoja wa usharika wetu. Alikuwa na miaka 68. Tulifanya yote kama kitabu cha ibada kinavyotuelekeza. Tulisimama kichwani pa kaburi kati ya migomba, tukamwaga udongo mara tatu, na kabla ya baraka tukayarudia yale maneno ya Ayubu juu ya Bwana anayetoa na kutwaa, ambayo hakuna msharika asiyeyajua. Watu wakaitikia amina. Ilikuwa ibada nzuri, na wazee wa kanisa walitushukuru.

Jioni, waombolezaji wengi walipokwisha kuondoka, binti wa marehemu alituletea chai. Hakuondoka. Alisimama ameshika sinia kifuani.

“Baba Mchungaji,” alisema, “naomba kuuliza, na usinione nakufuru. Pale kaburini mmesema Mungu ndiye aliyemchukua mama. Mimi nimelala naye hospitalini wiki tatu. Daktari aliniambia mapafu yake yameharibiwa na moshi wa kuni. Sasa, aliyeichukua pumzi ya mama ni Mungu, au ni moshi?”

Tulimjibu kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Alituinamia kwa adabu, akakusanya vikombe, akarudi jikoni. Kupitia uwazi wa mlango wa jikoni tuliuona moshi ukitoka taratibu, kama unavyotoka katika kila jiko la kijiji chetu, asubuhi na jioni.

Jibu lile halikuwa la uongo. Lakini tulijua tangu tunapolitamka kwamba tulilitumia kufunga mlango. Makala haya ni jaribio la kuufungua, na tunaomba msomaji atuvumilie, kwa sababu itatubidi kwanza tuingie mahali ambapo wachungaji hatujazoea kuingia, yaani ndani ya kifua cha mwanadamu.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa pumzi kwa bidii. Tulijifunza kwamba neno la Kiebrania ruakh ni upepo, ni pumzi na ni roho, yote matatu kwa pamoja, na kwamba Kigiriki nacho kina pneuma linalobeba mzigo uleule. Tulijifunza Mwanzo sura ya 2, Mungu anavyomfinyanga mtu kwa mavumbi kisha anampulizia puani. Tulisoma bonde la mifupa la Ezekieli, na Yesu anavyowapulizia wanafunzi wake jioni ya Pasaka. Tulifanya mitihani juu ya hayo yote na tukafaulu. Kwa hiyo tunayo pumzi ya Kiebrania na pumzi ya Kigiriki. Hii ya kifuani hakuna aliyetuuliza.

Baada ya mazishi yale tulimwendea daktari mmoja, msharika mwenzetu, tukamwomba atufundishe kama watoto wa kipaimara. Alitupokea kwa mshangao kidogo, akachukua kalamu.

Alianza na kitu ambacho kila mmoja anaweza kukigusa sasa hivi mbele ya shingo yake: bomba la hewa. Limejengwa kwa pingili ngumu kama za mua, lakini kila pingili iko wazi kwa nyuma, ili tunapomeza tonge kubwa la ugali bomba la chakula lipate nafasi ya kutanuka. Kifuani bomba hilo hugawanyika mara mbili. Tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto, ndiyo sababu mtoto akipaliwa na karanga ikapitiliza, mara nyingi huenda kulia. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto lina 2. La kushoto limeuachia moyo nafasi.

Kutoka hapo matawi huzaa vitawi, na vitawi huzaa vitawi vingine, mara 23 hivi, kama mti uliopinduliwa shina likawa juu. Mwisho wa vitawi vidogo kabisa viko vifuko vya hewa. Idadi yake hutajwa kuwa kati ya milioni 300 na milioni 500 kwa mtu mzima. Daktari wetu alisema kwamba kuta za vifuko hivyo zikitandazwa chini zote, zinafikia mita za mraba 70 hivi. Tulipiga hesabu tukaona ni kama sakafu ya kanisa dogo la mtaa, mita 7 kwa 10. Na ukuta wenyewe, ule unaotenga hewa na damu, ni mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani unauzidi kwa unene zaidi ya mara 100. Upande mmoja iko hewa ya nje, ile ile inayopita mashambani na barabarani. Upande wa pili iko damu yetu. Oksijeni inavuka kuingia, hewa ya ukaa inavuka kutoka, na hakuna mlinzi mlangoni anayeuliza mwingine anataka nini.

Hapo tulimsimamisha. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba mwili ni nyumba iliyofungwa na roho imo ndani yake. Kumbe katikati ya kifua tuko wazi kuliko mahali pengine popote. Kila siku tunavuta pumzi kama mara 20,000, na kila mara ulimwengu unaingia ndani yetu mpaka kwenye ukingo wa damu.

Jambo la pili lilitushangaza zaidi. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuvuta hewa. Chini yake uko msuli mpana unaoitwa kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua kinatanuka, na hewa inaingia yenyewe. Sisi husema tunavuta pumzi, lakini kwa kweli hatuvuti kitu. Tunafungua nafasi, nayo inajazwa. Kutoa pumzi ni rahisi zaidi tunapokuwa wazima, kwa maana mapafu hunywea yenyewe kama mpira ulioachiwa. Mtu aliyetulia huingiza nusu lita hivi kwa pumzi moja. Hata akijikamua kwa nguvu zake zote, hubakia zaidi ya lita moja ambayo hawezi kuitoa. Na hewa anayoitoa bado ina oksijeni: inaingia na asilimia 21, inatoka na asilimia 16 hivi. Ndiyo maana pumzi ya mtu mmoja inaweza kumwokoa mwingine aliyezama majini. Tulikumbuka Elisha alivyojinyosha juu ya mtoto wa yule mama Mshunami, kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto. Hatusemi nabii alikuwa akitoa huduma ya kwanza. Tunasema tu kwamba hatutaisoma tena sura ile kama tulivyoisoma zamani.

Tena tulimuuliza daktari: je, pumzi ni yetu? Alicheka, akasema tujaribu kuizuia. Tulijaribu. Unaweza kuizuia dakika moja, labda zaidi, kisha sehemu ya chini ya ubongo, iliyo mbali na hiari yako, inahisi hewa ya ukaa imezidi katika damu, nayo inakunyang'anya usukani. Moyo hatuwezi kuuamuru. Mkono hauendi bila amri yetu. Pumzi imekaa katikati. Tunaweza kuiongoza tukaimba, tukaomba, tukapuliza moto, lakini tukilala inaendelea bila sisi. Imewekwa mikononi mwetu na haijawekwa.

Na kuna wakati haikuwa mikononi mwetu kabisa. Tumboni mwa mama mapafu ya mtoto yamejaa majimaji, wala hayafanyi kazi ya kupumua. Oksijeni yote humjia kwa kitovu kutoka katika damu ya mama. Yule binti aliyesimama na sinia alipumuliwa na mama yake miezi tisa. Na miezi hiyo tisa mama yake alikuwa anapika.

Msomaji atuwie radhi, sasa tunakwenda mbali kidogo, Geneva, mwaka 1553. Tunaahidi kurudi jikoni.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walimfuata Galeno, tabibu wa kale aliyefundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Katika karne ya 13 tabibu Mwislamu, Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta ule hauna vitundu na kwamba damu lazima ipite kwenye mapafu. Ulaya jambo hilo liliandikwa na kupigwa chapa na Michael Servetus, Mhispania, na la ajabu ni mahali alipoliandika: ndani ya kitabu cha theolojia. Alitaka kuelewa jinsi Mungu anavyompa mwanadamu roho kwa njia ya pumzi. Basi aliifuata pumzi mpaka ilikokwenda, akaikuta inachanganyika na damu ndani ya mapafu. Kwake swali la Mwanzo sura ya 2 na swali la mapafu lilikuwa swali moja.

Kitabu hichohicho kilikana Utatu Mtakatifu. Kwa kosa hilo alichomwa moto akiwa hai nje ya mji wa Geneva tarehe 27 Oktoba 1553, na kitabu chake pamoja naye. Mafundisho yake juu ya Utatu hatuyatetei. Sisi ni Walutheri, na imani tunayoikiri kila Jumapili inajulikana. Wala tusijifiche kwa kusema hayo yalikuwa mambo ya Wakalvini. Melanchthon, mwenzake Luther, alimwandikia Calvin mwaka uliofuata akiikubali hukumu ile. Watu waliokuwa na fundisho sahihi juu ya Roho Mtakatifu walikijaza kifua cha mtu moshi, wakarudi nyumbani na dhamiri safi. Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi tangu mazishi yale. Inawezekana kuwa na theolojia ya pumzi isiyo na kosa hata moja, na usijali mapafu ya mtu aliye mbele yako.

Turudi jikoni.

Mama yule alipofika hospitali mara ya kwanza, miaka 6 kabla ya kufa, aliulizwa kama anavuta sigara. Alikasirika sana. Mke wa mzee wa kanisa avute sigara! Lakini swali la daktari halikuwa tusi. Mapafu aliyoyaona yalifanana na ya mvutaji wa miaka mingi. Mama alikuwa amepika juu ya mafiga tangu akiwa na miaka 8, katika jiko la udongo lenye mlango mmoja, moshi ukitokea kwenye nyufa za paa.

Moshi wa kuni una chembechembe ndogo sana. Zile kubwa hunaswa puani na katika ute unaotanda ndani ya mirija. Ute huo husukumwa juu na vinyweleo vidogo vinavyocheza usiku na mchana kama shamba la ngano kwenye upepo, mpaka kooni, nasi tunameza au tunatema bila kufikiri. Moshi ukiingia kila siku, vinyweleo hulegea, kisha hufa, na kazi yao inabaki kwa kikohozi peke yake. Zile chembe ndogo kabisa hufika mpaka kwenye vifuko. Huko ziko chembe hai za ulinzi zinazomeza uchafu, lakini masizi hayasagiki. Basi ndani kunakuwa na vita isiyokwisha, na katika vita hiyo kuta nyembamba za vifuko hubomoka. Vifuko vingi vinakuwa kimoja kikubwa, kama nyumba ya vyumba kumi iliyobomolewa kuta za ndani ikabaki ukumbi. Nafasi ipo, ila kuta ambazo hewa ilikutana na damu hazipo tena, na hazijengwi upya. Hata ule mnyweo wa mpira unaotoa hewa unapotea. Hewa ya zamani inakwama ndani. Watu hudhani mgonjwa wa namna hii ameshindwa kuingiza hewa. Kwanza ameshindwa kuitoa, na kwa kuwa hakuitoa hana pa kuweka mpya. Mama yule alizungukwa na hewa safi ya mlima, watalii hulipa fedha nyingi kuja kuivuta, naye alikuwa anakosa nafasi yake kifuani.

Tulimtembelea mara nyingi na Chakula cha Bwana. Alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, akitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Wauguzi humfundisha mgonjwa kupumua hivyo, kwa kuwa huzuia mirija isijifunge kabla hewa haijatoka. Binti yake alituambia kwamba mama hakuhitaji kufundishwa. Midomo ilikuwa imeshazoea. Ndivyo alivyokuwa akipuliza moto kila alfajiri kwa miaka 60.

Hakuweza kulala chali. Lugha yetu imelitoa neno kupumzika katika pumzi: aliyepumzika ni yule aliyerudishiwa pumzi yake. Kwenye msalaba wa kaburi tulimwandikia apumzike kwa amani, na ilikuwa miaka 6 hajapumzika hata usiku mmoja.

Hatutaki kuandika kama watu wanaoliona jiko la kijijini kwa mara ya kwanza. Moshi huo umetulea. Juu ya mafiga kuna dari, na juu ya dari kuna mahindi ya mbegu ambayo fukusi hawayasogelei kwa sababu ya moshi. Ndizi huiva humo. Mwezi wa saba hakuna chumba kingine chenye joto, na wazee husimulia hadithi humo. Mama aliyekaa pale hakuwa mjinga. Alikuwa anapika, na waliokula tulikuwa sisi. Lakini tuseme pia kwamba baba anayeketi sebuleni akingoja chakula hauvuti moshi kama mama, na anayeuvuta zaidi baada ya mama ni binti anayemsaidia na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na vinyesi, iliua watu milioni 3.2. Mama mmoja wa usharika wetu ni mmoja tu. Ila tulimjua jina, na tulimzika.

Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunauombea. Gesi bado ni ghali kwa wajane wengi tunaowajua, na mtungi ukiisha wanarudi kwenye kuni. Hilo ni la Serikali na la mifuko yetu. Makala haya yanahusu lile tulilosema kaburini.

Tulirudi kwa Ayubu. Tulisoma sura ya kwanza tena, polepole, tukaona mambo mawili ambayo katika mazishi mengi tuliyoongoza hatukuyaona. La kwanza: kabla Ayubu hajasema neno lake maarufu, wajumbe wanne wamekwisha kuja mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ametaja kilichotokea. Waseba waliua. Moto uliteketeza. Wakaldayo waliteka. Upepo uliangusha nyumba. Kitabu hakikuficha aliyefanya. Hakuna mjumbe aliyesema tu kwamba Mungu amechukua. La pili lilitutia aibu zaidi: aliyesema maneno yale ni Ayubu mwenyewe, aliyefiwa, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mtu. Wale rafiki zake waliokuja kumweleza sababu za Mungu walikemewa mwishoni. Sisi tulikuwa tumemnyang'anya mfiwa maneno yake tukayafanya jibu letu.

Atakuwepo wa kutuuliza: Je, mnakana kwamba Mungu ndiye mwenye pumzi? Hapana. Zaburi ya 104 inafundisha kwamba akiiondoa pumzi ya viumbe wanarudi mavumbini, nasi tunaiamini. Lakini Mungu yuleyule alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, mara tu alipokwisha kumpulizia. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo tuliikariri tukiwa na miaka 14, Luther anaieleza Amri ya Tano kwa namna mbili: tusimdhuru jirani katika mwili wake, na zaidi ya hayo tumsaidie katika kila hitaji la mwili. Katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali zaidi: aliyeweza kumwokoa jirani na hakumwokoa, huyo amemuua. Vijana wetu wa kipaimara huipita amri hii haraka, kwa kuwa hakuna aliyeua mtu. Sisi nasi tuliipita haraka.

Kwa maana nyuma ya kanisa letu kuna banda la mabati. Siku ya kipaimara, siku ya Mikaeli, harusini na misibani, akina mama huwasha humo kuni mbichi chini ya sufuria kubwa tangu saa kumi usiku. Banda lina kuta tatu, na ule upande ulio wazi ndiko upepo unakotoka, kwa hiyo moshi unarudi ndani. Tulipita pale miaka mingi. Tuliwaona wakifuta macho kwa kanga, tukasema poleni kwa kazi, tukaenda kula. Katika miaka hiyo usharika ulichanga kwa ajili ya spika mpya, vitambaa vya madhabahu na vigae vya mnara. Mapendekezo ya vitu hivyo tuliyapeleka sisi. Mama tuliyemzika alikuwa mwenyekiti wa wapishi.

Tulipolipeleka suala la jiko kwenye baraza, mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza mbona bibi zake walipikia moshi wakafika miaka 90. Lilikuwa swali la haki. Daktari wetu alimjibu kwamba si kila anayevuta moshi huugua, kama vile si kila anayevuka barabara bila kuangalia hugongwa. Kisha akamuuliza mzee bibi zake walikuwa na ndugu wangapi wa kike, na wangapi kati yao walifika uzee. Mzee alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Jiko la matofali lenye dohani lilijengwa kwa fedha za mnada wa mazao wa Jumapili saba. Linatumia kuni zile zile, kidogo zaidi ya nusu ya zamani. Moshi wake unapita juu ya paa, na majirani wameanza kuulalamikia.

Miezi minne baada ya mazishi tulikwenda kwa yule binti, pamoja na huyo mzee wa kanisa. Tulimwambia kwamba alituuliza swali na hatukulijibu. Tulimwambia kwamba tunaamini Mungu amempokea mama yake, na kwamba kilichomuua ni moshi, na kuni za moshi huo nyingine zilikuwa za kanisa. Tukamwambia pia kwamba maneno ya Ayubu yalikuwa yake yeye kuyasema, wala si yetu.

Alikaa kimya. Kisha akasema, “Mimi bado sijaweza kuyasema, Baba Mchungaji.”

Tukamwambia asiyaseme kwanza.

Aliinuka kwenda kutuchemshia chai. Safari hii tuliinuka pia, tukamfuata. Alishtuka. “Jamani, Baba, kaeni huku ndani. Jikoni kuna moshi.” Tukamwambia tunajua. Alitafuta vigoda viwili, akavifuta kwa upande wa kanga. Mwanawe mdogo alikuwa amelala mgongoni. Mzee wetu ndiye aliyeanza kukohoa, kabla hata sufuria haijawekwa mafigani. Binti akapiga magoti, akabana midomo, akapuliza.

Tulikaa humo mpaka chai ikachemka.